Mtoto mdogo apewe tuta lake mwenyewe: tupeane uzoefu wa bustani za nyumbani na watoto

Mama wa Uani

Habari zenu wana jukwaa. Mada hii nailetea wazazi na walezi wa watoto wa miaka 3 hadi 8 hivi, mnaotamani watoto wapende kupanda na kutunza mimea hapo hapo nyumbani. Mimi sina shamba. Tumepanga Tabata, Dar es Salaam, uani tunachangia na wapangaji wengine wawili, na sehemu yangu ni kipande cha kando ya ukuta, upana wake kama mkeka mmoja. Yote ninayoandika yametoka kwenye kipande hicho.

Naanza na kosa langu. Masika iliyopita nilisia mchicha kwenye tuta dogo. Siku ya nne ukaanza kuchomoza, vile vijani viwili viwili vyembamba. Mwanangu mdogo, wakati huo ana miaka minne na nusu, aliamka kabla yangu akaung'oa karibu wote, mmoja mmoja, akaupanga vizuri juu ya mfuniko wa ndoo. Nilimgombeza kwa sauti mpaka jirani akatoka kuuliza kulikoni. Mtoto alilia sana, na kwa wiki kadhaa hakukanyaga upande ule. Nikimwita tukamwagilie ananijibu, "Hiyo bustani ya mama."

Jibu lile lilinikaa moyoni, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Mbegu nilichagua mimi, tuta nilitengeneza mimi, maji alimwaga pale nilipomwamuru amwage. Alikuwa kibarua wangu. Baadaye nilipomuuliza kwa upole kwa nini aliing'oa ile miche, akasema alikuwa anatafuta mguu wake. Alitaka kuona mchicha unasimama kwa kutumia nini.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, yule mama wa Kenya aliyeanzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alisimulia jambo la namna hii kutoka utotoni kwake Nyeri. Mama yake alimkatia kijibustani kidogo katikati ya shamba lake akamwachia apande. Naye akawa anafukua mbegu kila mara kuangalia kama zimeota, mpaka mama yake akamwambia aziache, zitatoka zenyewe. Nikiisoma habari ile natazama mambo mawili. Kwanza, hata mtoto yule alifukua. Pili, alikuwa na kipande chake.

Sasa tujiulize sisi wazazi tumeijua wapi bustani. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi miaka ya 80 na 90 tuliijua kama adhabu. Ukichelewa namba unapewa hatua kumi za kulima. Jina lako likiandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele, unapelekwa kufyeka. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia, na wanafunzi wenyewe washiriki kupanga na kuamua. Shuleni kwetu kilichotufikia ni jembe na fimbo. Ndiyo maana leo mzazi akitaka kumtisha mtoto anamwambia, "Usiposoma utaenda kulima." Kisha jioni anamtaka huyo huyo amwagilie mchicha kwa furaha.

Kwa hiyo nilianza upya, na safari hii nilijiwekea masharti mimi mwenyewe, si mtoto.

Kwanza nilimtafutia mguu wa mmea. Nilichukua glasi inayopitisha mwanga, nikaizungushia ndani karatasi laini ya chooni iliyoloa, katikati nikajaza pamba. Yeye akachomeka maharage matatu kati ya karatasi na glasi, upande unaoonekana. Tukaweka dirishani, kila asubuhi anaongeza maji kijiko kimoja. Siku ya tatu mzizi ukatoka. Kaka yake wa miaka 7 akapata wazo la kuilaza glasi ubavu ili aone itakuwaje. Kesho yake mzizi ulikuwa umepinda kuelekea chini. Wakailaza upande mwingine, ukapinda tena. Nilikaa nao sakafuni siku ile nikasahau chai jikoni. Tangu hapo hajang'oa mche hata mmoja, maana alichokuwa anakitafuta alikwisha kukiona.

Halafu kila mmoja nikampa ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20, nikaitoboa chini matundu sita kwa msumari wa moto na kuijaza udongo na samadi iliyooza. Ndoo ni zao. Mdogo alichagua maharage na boga, mkubwa akachagua bamia kwa sababu anapenda kuzila. Boga kwenye ndoo halina nafasi ya kutosha, nalijua hilo, lakini sikumkataza. Amelipanda, linatambaa mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo, na jirani ameliridhia.

Sharti gumu kuliko yote ni kutokurekebisha. Mtoto akipanda mbegu tisa kwenye shimo moja, mikono inaniwasha. Naiacha. Tisa zikiota zikabanana, ananiuliza mwenyewe mbona zimekonda, na hapo ndipo tunapunguza pamoja.

Ninawaomba wenye uzoefu mchangie. Mimea gani inawafaa wadogo? Wasio na udongo kabisa wanafanyaje? Na kuna hatari gani ambazo sijazifikiria?

---

Bwana Shamba Moro

Mama wa Uani, heshima yako. Mimi ni afisa ugani, nimekaa na wakulima wa mboga huku Morogoro miaka mingi na nina wajukuu watatu. Kwenye swali la mimea nitajibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea.

Mtoto wa miaka minne siku tano kwake ni ndefu mno. Mpe kwanza kitu kinachoota haraka. Mchicha unaota siku 3 hadi 5 na kuvunwa wiki ya tatu au ya nne. Figili ni nzuri kuliko zote kwa mtoto, kwa sababu anavuta jani kisha kinatoka kitu chekundu asichokitegemea. Siku 25 hadi 30 tu. Kunde unaweza kuchuma majani ndani ya mwezi mmoja, halafu ukiziacha zinakupa na maganda. Matembele hayataki hata mbegu: unakata kipande cha shina chenye macho manne au matano, mtoto anakichomeka kwenye udongo wenye unyevu, basi.

Ukubwa wa mbegu nao uutazame. Vidole vidogo vinashika vizuri mbegu ya boga, maharage, mahindi, bamia, alizeti. Mbegu ya mchicha ni kama vumbi, atamwaga yote mahali pamoja. Ichanganye na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa vijiko kumi vya mchanga, halafu anyunyize mchanganyiko huo kama anavyonyunyiza chumvi. Hivyo ndivyo hata wakulima wanavyofanya.

Nyanya msianze nayo. Najua kila mtu anaipenda, lakini inakaa kitaluni wiki tatu hadi nne, kisha baada ya kuihamisha mnasubiri miezi miwili na nusu au zaidi. Katikati hapo kantangaze anaingia, yule mdudu anayetoboa majani na matunda, aliyeanza kutusumbua nchini mwaka 2014. Mkulima mzoefu analia naye, sembuse mtoto. Karoti nayo inachelewa kuota na haipendi kuguswaguswa. Iacheni mpaka afike darasa la tatu.

Kama mna mahali penye jua kutwa, pandeni alizeti mbili tatu. Mtoto anasimama karibu nayo kila Jumapili, mnaweka alama ukutani kwa mkaa, yake na ya alizeti. Kichwa kikiwa bado kichanga kinafuata jua kutoka mashariki kwenda magharibi. Kikikomaa kinatulia kimeelekea mashariki. Mwache aligundue mwenyewe. Usimwambie.

Mmea ukifa, fanyeni kurudishia, yaani pandeni mwingine pale pale. Ila mtoto ahusike. Nimeona wazazi wanaobadilisha mche usiku ili mtoto asihuzunike.

---

Dada Msafi

Mzee wangu Bwana Shamba, mimi ndiye huyo mzazi wa usiku. Binti yangu ana miaka 3, pilipili hoho yake ilikauka nikaenda kununua mche mwingine nikaupachika. Umri huo si mdogo mno kwa huzuni? Nauliza kwa nia njema.

---

Bwana Shamba Moro

Mwanangu, sikulaumu, umefanya kwa mapenzi. Lakini miaka mitatu anaelewa "umekufa kwa sababu hatukuupa maji". Hana haja ya maneno zaidi ya hayo. Akae nao kidogo, auguse ulivyokauka, kisha auchimbie kwenye mbolea. Mjukuu wangu wa miaka mitatu aliupa kwaheri mche wa bilinganya, akaupungia mkono, akaenda kucheza. Kinachomuumiza mtoto ni yeye kulaumiwa. Mche kufa anaweza kuubeba.

---

Mzee wa Hoja

Naomba nitoe mawazo tofauti. Wengine huku Dar maji tunanunua kwa dumu. Kisima cha karibu kina chumvi, mboga zinaungua majani. Mzazi anatoka kazini saa mbili usiku. Mnatuambia tuanze na figili na alizeti? Mtoto wa mjini asome, akitaka mboga gengeni ziko tele.

---

Mama wa Uani

Mkuu, hoja yako naiheshimu, hata mimi maji yanatoka kwa mgao na chumvi ya visima vya huku naijua. Nitakwambia ninavyofanya. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga na ya kulowekea maharage hayamwagwi, yanaingia kwenye beseni moja jikoni. Mtoto anachota kwa chupa ya lita moja na nusu ambayo mfuniko wake nimeutoboa vitundu kwa sindano ya moto. Akiibonyeza, maji yanatoka kama mvua ndogo. Kwa siku ndoo moja inatosheka na nusu chupa, mara chache chupa nzima kwenye jua kali. Juu ya udongo tunatandaza majani makavu ili unyevu usipotee. Maji ya sabuni nyingi siweki.

Muda nao si mwingi. Asubuhi dakika tano kabla ya shule, na Jumamosi nusu saa. Siku nikichelewa kurudi, dada wa nyumbani anakumbushwa na watoto wenyewe.

Kuhusu kusoma, kaka yake mtu ameanza kupima bamia kwa rula na kuandika ukutani. Sikumtuma. Mboga za gengeni tunanunua bado, ndoo mbili haziwezi kulisha familia. Ninachokitafuta kwenye ndoo hizi ni kingine: mtoto awe na kitu hai kinachomtegemea.

---

Mama Nairobi

Salamu kutoka Nairobi, dada. Umenigusa hapo pa kibarua. Huku mtaala wa umilisi, ule tuliouzoea kwa jina la CBC, unawafundisha watoto kilimo, na wakati mwingine wanatumwa nyumbani watengeneze bustani, mzazi apige picha apeleke. Nitasema ukweli, mara ya kwanza nililima mimi, nikapanda mimi, mtoto akasimama tu kando apigwe picha. Alipata alama nzuri na hakurudi tena kutazama ile sukuma wiki, mboga yetu ya majani.

Kwa wasio na udongo, fanyeni bustani ya gunia. Kibera watu wengi wamelima hivyo, hasa baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 chakula kilipokuwa kigumu kupata. Unachukua gunia la kilo 90, unalisimamisha. Katikati chini unaweka mkebe mkubwa uliokatwa juu na chini, unaujaza mawe madogo. Unajaza udongo na samadi kuuzunguka, kisha unauvuta mkebe juu kidogo, unajaza mawe tena, unaongeza udongo, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Ukimaliza unautoa mkebe, unabaki na nguzo ya mawe katikati inayoshusha maji mpaka chini. Kwenye ubavu unatoboa matundu ya kupandikiza miche ya sukuma au spinachi, na juu unapanda vitunguu vya majani au dania (giligilani).

Uzuri wake kwa mtoto ni huu: matundu ya chini yako kwenye kimo chake. Kwangu mstari wa chini wote ni wa mtoto, wa katikati ni wa dadake, wa juu ni wangu. Kila mtu anajua sukuma yake. Kazi ya kujaza mawe ndiyo waliyoipenda zaidi, walishinda mchana kutwa wakiokota. Gunia lisijazwe mahali ambapo halitakaa, likishajaa halihamishiki.

---

Bint Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja. Nyote mwasema mboga, nami nataka kuwakumbusha harufu. Watoto wadogo wanaanza kuipenda bustani kwa pua kabla ya tumbo.

Nilikuzwa na bibi yangu, nyumba yetu ina ua mdogo wenye masmini, mrehani, mchaichai na mlangilangi mmoja. Kazi yetu watoto wa kike ilikuwa kuchuma masmini alasiri yakiwa bado yamefumba, kwa kuwa yanafunguka usiku. Tukakaa na bibi kwenye baraza tukitunga, na mrehani tukautia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Tulikuwa tukirudi skuli twakimbilia uani kutazama masmini yametoka mangapi. Hatukulazimishwa hata siku moja.

Mwanangu sasa ana miaka mitano. Nimempandia? La, kapanda mwenyewe, kijiti cha mrehani kwenye kopo la maziwa. Mrehani ni rahisi: kata kitawi, tia kwenye maji siku kadhaa mpaka kitoe mizizi, kisha pandikiza. Mchaichai ndio hauna kazi kabisa, shina lenye kijizizi chake tu. Kila jioni chai ya nyumbani haitiwi mchaichai mpaka yeye akaukate. Mgeni akija, yeye ndiye anayeletewa sifa. Watoto wa kiume pia nawafunza, isije ikaonekana maua ni ya wasichana peke yao.

---

Muuguzi Mstaafu

Mama wa Uani ameuliza hatari na bado hajajibiwa. Nimefanya kazi wodi ya watoto muda mrefu, nitaeleza niliyoyaona.

Dawa za wadudu zisikae kwenye nyumba yenye mtoto anayelima, na zisihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto atakunywa. Kwenye bustani ya ndoo mbili hamhitaji dawa hizo. Vidukari vinafutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, viwavi vinaokotwa kwa mkono, na watoto wanaipenda kazi hiyo. Mbegu za pakiti zenye rangi ya waridi, kijani au buluu zimepakwa dawa; mtoto mdogo asizishike. Mpe za jikoni: maharage, boga, papai.

Angalieni ua wenu. Mbono, ule wa kwenye uzio, na mbarika zina mbegu zinazovutia macho ya mtoto, na zote ni sumu. Nimepokea watoto waliokula mbono wakidhani ni karanga, wanatapika na kuharisha mpaka wanaishiwa maji. Kama una mtoto na una mti huo uani, ukate au uzungushie.

Samadi iwe imeoza kabisa, haina joto wala harufu kali. Viatu miguuni, mikono ioshwe kwa sabuni, kucha zikatwe, na dawa ya minyoo apewe kwa ratiba. Hakikisha chanjo ya pepopunda amemaliza, maana vipande vya chupa na misumari viko kila udongo wa mjini. Visahani vya chini ya makopo vimwagwe maji mara kwa mara. Dar tumeona homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji kidogo tu yaliyosimama karibu na nyumba. Konokono wakubwa wasichezewe kwa mikono mitupu.

Msiogope lakini. Mtoto kuchafuka kwa udongo si ugonjwa.

---

Mswahili wa Muscat

Nawasoma kutoka Muscat. Huku kiangazi mimea inaungua hata kivulini, kwa hiyo sisi tunapanda kuanzia Oktoba mpaka Machi. Mbegu za mchicha nililetewa kutoka Pemba. Wanangu wamezaliwa huku, Kiswahili chao ni cha nyumbani tu, lakini maneno kama kung'oa, kupalilia, kuchipua na chipukizi wameyajua juu ya paa, penye makopo yetu. Nilikuwa sijui pa kuyafundishia.

---

Mzee wa Hoja

Nimesoma yote. Bwana Shamba, figili mbegu zinapatikana wapi, maduka ya pembejeo ya kawaida? Nina mjukuu wa miaka 5 kaja likizo.

---

Bwana Shamba Moro

Ndiyo ndugu yangu, duka lolote la pembejeo lenye mbegu za mboga, pakiti ndogo. Zikiwa zimepakwa dawa, zisie wewe, yeye afukie. Zifukiwe kina kama cha ukucha wa mtoto, zipewe nafasi ya vidole vitatu vya mtu mzima. Usizipe samadi nyingi, zitatoa majani bila kiazi. Na chumvi ya kisima chenu isiwe nyingi. Tumia maji ya mchele kama mama alivyosema.

---

Mama wa Uani

Wakuu narudi baada ya wiki tano. Muuguzi, Mungu akubariki. Nilikwenda kuangalia uzio wa nyuma na kweli kulikuwa na mbono, mwenye nyumba ameukata wiki hiyo hiyo. Dada wa Unguja, mchaichai tumepanda, mkubwa ndiye mwenye kisu chake kidogo butu cha kuukatia.

Boga halikuzaa. Lilitoa maua mengi ya njano, tukayachuma machache pamoja na majani machanga tukapika na nazi, mdogo akala huku akihesabu yapi ni yake. Maharage yametoa maganda kumi na moja. Alikataa tuyapike yote. Saba tulipika, manne ameyaanika juu ya dirisha kwenye mfuniko ule ule wa ndoo aliopangia mchicha mwaka jana, anasema ni ya glasi. Watoto wawili wa mpangaji wa pili wamekuja kuomba na wao wapewe ndoo. Natafuta ndoo kuukuu za rangi. Mwenye nazo maeneo ya Tabata na Segerea aniandikie, nitazifuata mwenyewe.